Birnbaum, Fussell-Vesely, RAW au RRW: utumie kipimo gani kujua kipuri kipi kinakuangusha

Kama unasimamia mtambo wowote wenye vipuri vingi, iwe jenereta ya hospitali, pampu za maji za mji au laini ya kiwanda, kuna siku bosi atakuuliza swali linaloonekana jepesi: hapa kitu gani ni muhimu zaidi? Ukiwakalisha mafundi watano utapata majibu matano, mmoja anasema injini, mwingine swichi, mwingine anakwambia tatizo ni umeme wenyewe wa gridi, na ukiwasikiliza vizuri wote wana hoja. Kila mmoja anajibu swali lake tu. Yupo anayewaza kitu gani kimezoea kuharibika, yupo anayewaza kitu gani kikifa leo tumekwisha, na yupo anayewaza hela ya mwaka huu iende wapi. Hayo ni maswali matatu tofauti na yana hesabu tofauti, watu walishazifanya tangu miaka ya 1960 na 1970 huko kwenye mitambo ya nyuklia na makombora, ila huku kwetu naona bado tunabishana kwa sauti badala ya kukaa na karatasi. Kwa hiyo nataka nizipange hizo hesabu pamoja kwenye mfano mmoja: Birnbaum, Fussell-Vesely, RAW (Risk Achievement Worth, hatari inapanda mara ngapi kitu kikifa) na RRW (Risk Reduction Worth, hatari inapungua mara ngapi kitu kisipoharibika kamwe), tuone kila moja inakwambia nini na wewe uchukue ipi.

Mfano wenyewe ni kituo cha afya chenye chumba cha upasuaji. Umeme unatoka gridi, gridi ikikata jenereta inatakiwa iwake yenyewe, na katikati kuna chenjova automatiki inayohamisha mzigo. Jenereta nimeigawa vitu viwili, betri ya stata peke yake na injini (nikisema injini nimeingiza humo dizeli, filta, altaneta na mengine yote). Tuseme ukienda muda wowote bila kupanga, uwezekano wa kukuta gridi imekata ni 0.10, betri haina nguvu ya kupiga stata 0.05, injini imegoma 0.02, na chenjova imekufa kiasi kwamba umeme haupiti kabisa, wa gridi wala wa jenereta, 0.001. Namba hizi ni za mfano, za kwako zitakuwa tofauti, ila zimekaa kwenye mpangilio ambao fundi yeyote wa jenereta ataukubali: gridi inasumbua zaidi, halafu betri, halafu injini, na chenjova karibu haifi kabisa.

Sasa jiulize chumba cha upasuaji kinaingia giza kwa njia zipi. Njia ya kwanza chenjova imekufa, basi, yenyewe tu inatosha. Ya pili gridi imekata na betri imekufa. Ya tatu gridi imekata na injini imegoma. Hizo njia tatu mimi naziita makundi ya kuzima, na kila hesabu inayofuata inaanzia hapo, kwa hiyo ukikosea hapa huko mbele kote umekosea. Zidisha: 0.001, halafu 0.10 × 0.05 ni 0.005, halafu 0.10 × 0.02 ni 0.002. Jumla 0.008, ukipiga kwa masaa 8,760 ya mwaka unapata kama masaa 70 ya giza. (Hesabu kamili inayotoa mwingiliano, yani pale njia mbili zikitokea kwa pamoja zisihesabiwe mara mbili, inakupa 0.0079, yani masaa 69, tofauti haina maana kwa kazi hii.)

| Kitu | Uwezekano kimekufa | Birnbaum | Fussell-Vesely | RAW | RRW |
|---|---|---|---|---|---|
| Gridi | 0.10 | 0.07 | 87.5% | 8.9 | 7.9 |
| Betri ya stata | 0.05 | 0.098 | 62.5% | 12.8 | 2.6 |
| Injini | 0.02 | 0.095 | 25% | 12.8 | 1.3 |
| Chenjova | 0.001 | 0.99 | 12.5% | 127 | 1.14 |

Angalia hiyo chenjova. Kwa Birnbaum na RAW ni namba moja na imewaacha wenzake mbali sana, kwa Fussell-Vesely na RRW inashika mkia. Mfumo ni ule ule, namba ni zile zile, na hakuna kipimo kilichokosea hapo. Ndo maana mafundi wetu watano hawakubaliani.

Birnbaum

Hiki ndo cha zamani kuliko vyote, Zygmunt William Birnbaum wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle alikitoa mwaka 1969. Anachouliza ni hivi: mfumo unabadilika kiasi gani kitu hiki kikitoka hali ya uzima kwenda hali ya kufa? Chukua uwezekano wa giza kitu kikiwa kimekufa, toa uwezekano wa giza kitu kikiwa kizima, hiyo tofauti ndo jibu. Kwa betri: ikiwa imekufa, giza ni karibu 0.101, ikiwa nzima 0.003, tofauti 0.098.

Uzuri wake kinaonyesha umbo la mfumo, wapi kuna njia moja tu isiyo na mbadala. Kwa anayechora mfumo bado kwenye karatasi, kabla hajanunua chochote, hiki kinatosha kumwonyesha hapa nimeweka mayai yote kapu moja. Udhaifu wake ni kwamba hakiangalii kabisa kitu chenyewe kinaharibika mara ngapi. Chenjova ingekuwa inakufa kila wiki au mara moja kwa miaka 50, Birnbaum yake ni ile ile 0.99. Ukimpelekea mhasibu hii peke yake atakununulia chenjova ya bei mbaya na betri mbovu itabaki pale pale ilipo.

Cheki pia betri na injini, 0.098 kwa 0.095, karibu sawa. Ni kwa sababu zote zimekaa sehemu moja kwenye mfumo, yoyote ikifa jenereta haipo. Birnbaum haiwezi kukusaidia kuchagua kati ya hizo mbili, wakati fundi wa kila siku anajua kabisa ni betri ndo inamtoa usingizini.

Fussell-Vesely na RRW

Hivi viwili naviweka pamoja maana ni ndugu. Fussell-Vesely, yenye majina ya J. B. Fussell na W. E. Vesely, inauliza: katika giza lote tunalopata, sehemu gani inapitia kwenye kitu hiki? Unachukua makundi ya kuzima ambayo kitu hicho kimo ndani, unajumlisha, unagawa kwa jumla ya yote. Betri iko kwenye kundi la 0.005 peke yake, 0.005 kwa 0.008 ni asilimia 62.5. Imeisha hiyo, unaifanya kwa simu. RRW inauliza jambo hilo hilo kwa kugeuza, kwamba kitu hiki kingekuwa hakiharibiki milele giza lingepungua mara ngapi. Betri 2.6, yani ungebaki na kama theluthi na kidogo ya giza la sasa.

Ukijua moja umejua nyingine, RRW ni takriban 1 ugawe kwa (1 toa Fussell-Vesely). Kwa hiyo usije ukampelekea mtu ripoti yenye zote mbili ukadhani umempa ushahidi wa pande mbili, umempa kitu kimoja kwa mavazi mawili. Mimi nachagua Fussell-Vesely kwa sababu asilimia inaeleweka na mtu yeyote kwenye kikao.

Hapa ndo penye swali la hela. Gridi inaongoza kwa 87.5% lakini gridi huna uwezo nayo, wewe sio unayeiendesha, kwa hiyo unaivuka unaenda kwa anayefuata ambaye unaweza kumgusa, na huyo ni betri. Tuangalie sasa kwa karibu. Ukinunua betri mpya ya maana, ukaweka chaja ndogo inayoifanya ijae muda wote na ukaweka utaratibu wa kuipima, tuseme uwezekano wa kufa unashuka kutoka 0.05 hadi 0.01. Kundi la gridi na betri linashuka kutoka 0.005 hadi 0.001, jumla inakuwa 0.004, giza linatoka masaa 70 hadi 35. Sasa mwenzako anataka kununua jenereta mpya kabisa ambayo injini yake ni 0.01 badala ya 0.02, na betri abaki na ile ile. Jumla inakuwa 0.007, masaa 61. Betri na chaja vinakupunguzia masaa 35, jenereta mpya masaa 9. Linganisha bei ya betri na bei ya jenereta halafu uniambie tenda inayoandikwa mara nyingi ni ipi. Hili linaniuma kwa kweli, maana vituo vingi jenereta imekaa uani ni nzima kabisa, ila vichwa vya betri vimeota ule unga mweupe wa kijani, chaja imechomolewa ili mtu achaji simu, ukipima betri ya volti 12 imelala kwenye 12.1 wakati iliyojaa inatakiwa ikae kama 12.7, na ukipiga stata inaanguka chini ya 9.6, hapo injini inagugumia tu haiwaki.

Na hayo hayako kwenye vituo vidogo tu. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 Kenya karibu nzima ilikosa stima, na pale uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta jenereta ya baadhi ya majengo ya abiria haikuwaka, abiria wakakaa gizani. Kitu cha akiba kinachosubiri siku ya kuitwa kina tabia hiyo, kinakufa kimya kimya na unakuja kujua siku unayokihitaji.

RAW

Hii inauliza: kitu hiki kikiwa kimekufa sasa hivi, hatari inapanda mara ngapi? Chenjova 127, betri na injini 12.8, gridi 8.9. Inafanana tabia na Birnbaum maana nayo haiangalii sana kitu kinaharibika mara ngapi, ila namba yake ni rahisi kuielewa na ina kazi moja ambayo hakuna kipimo kingine kinaiweza: kupanga matengenezo.

Fikiria unataka kutoa betri ukaichaji mjini, siku mbili hivi. Wakati haipo, kila gridi ikikata unalala giza, hatari imepanda karibu mara 13. Basi siku hizo mbili daktari asipange upasuaji usio wa dharura, au uazime betri ya gari ya volti na nguvu inayofaa ukaifunge kabla hujatoa ile. Na chenjova? Ukiifungua tu umezima kila kitu hata kama gridi ipo. Kwa hiyo RAW ya 127 haikwambii nunua chenjova nyingine ya bei kubwa, inakwambia weka swichi ya mkono ya kuizunguka, mfundishe mtu wa zamu kuitumia, na usimruhusu mtu yeyote kuigusa bila mpango.

Historia ya nyuklia imejaa funzo hili. Kwenye mtambo wa Three Mile Island kule Pennsylvania, Marekani, tarehe 28 Machi 1979, pampu za dharura za kupeleka maji kwenye majenereta ya mvuke (vyombo vya kutengeneza mvuke, sio jenereta za umeme) ziliwaka kama inavyotakiwa, ila vali mbili kwenye njia zake zilikuwa zimefungwa kwenye kazi ya nyuma na hazikufunguliwa, ikachukua dakika 8 mpaka mtu akagundua. Niseme ukweli hizo sio zilizoyeyusha kiini cha mtambo, kilichofanya hivyo ni vali nyingine ya kupunguza presha iliyofunguka ikagoma kufunga, maji yakatoka zaidi ya masaa mawili. Ila zile mbili zinaonyesha vizuri kitu kizima kabisa kinavyoweza kuhesabika kimekufa kwa sababu tu kimeachwa kwenye hali isiyo yake, na hapo RAW ndo inaona.

Sasa uchukue ipi

Maoni yangu, na nayasimamia: chukua Fussell-Vesely pamoja na RAW, uzisome kwa pamoja, hizo nyingine waachie wanaochora mifumo mipya na wanaosoma masomo haya. Hata mamlaka ya nyuklia ya Marekani imeenda njia hiyo. Kwenye mwongozo unaotumika pamoja na kanuni yao ya mwaka 2004 ya kupanga vifaa kwa uzito wa usalama, kifaa kinahesabika muhimu kikiwa na Fussell-Vesely zaidi ya 0.005 au RAW zaidi ya 2, moja ikitimia inatosha, haisubiri mbili. Hivyo viwango ni vya mitambo yenye maelfu ya vifaa, kwetu kwenye mfumo wa vitu vinne kila kitu kitapita, kwa hiyo usivikopi, kopi wazo.

Ukizisoma pamoja zinatoka hali nne. Zote zikiwa juu, kama betri yetu, weka hela na weka ulinzi, hakuna mjadala. Fussell-Vesely juu ila RAW ndogo kuliko wengine, kama gridi, hicho ni kitu kinachosumbua sana ila una namna ya kuishi nacho, dawa ni kuboresha mbadala wake. RAW juu na Fussell-Vesely chini, kama chenjova, usikibadilishe, kichunge. Zote chini, acha kupoteza muda nacho.

Mahali watu wanapotelea

La kwanza, usichore hizi asilimia za Fussell-Vesely kama duara la kugawana keki. Jumlisha zetu: 87.5 na 62.5 na 25 na 12.5, ni 187.5. Inazidi mia kwa sababu gridi na betri zimo kundi moja na kila moja imehesabiwa. Nimeona ripoti zimepunguza kila namba kwa nguvu ili zifike mia, hapo umeharibu kila kitu. Ukihitaji kipimo kinachojumlishika kipo, Borgonovo na Apostolakis walikitoa mwaka 2001, ila kwa kazi ya karakana sioni haja.

La pili na hili ndo kubwa: ukirekebisha kitu kimoja, orodha nzima inabadilika. Tuseme kituo kimepata mfadhili kikaongeza jenereta ya pili inayofanana na ya kwanza, na betri yake. Sasa ili giza liingie lazima gridi ikate na jenereta zote mbili zigome, 0.10 × 0.069 × 0.069 (hiyo 0.069 ni uwezekano wa jenereta moja kugoma kwa betri au kwa injini), ni kama 0.0005, ongeza chenjova 0.001, jumla 0.0015, masaa 13 kwa mwaka. Safi sana, ila angalia nani anaongoza: chenjova iliyokuwa ya mwisho kwa 12.5% sasa inabeba kama 68% ya giza lote lililobaki. Mtu akiendelea kutumia jedwali la mwaka jana atazidi kununua betri wakati tatizo limeshahama.

Na hayo masaa 13 yanaamini kwamba jenereta hizo mbili haziharibiki kwa sababu moja. Kama zinakunywa tanki moja na dizeli imeingia maji, zinakufa pamoja. Ukisema asilimia 10 tu ya kugoma kwa jenereta inatokana na sababu ya pamoja, masaa 13 yanakuwa 18. Fukushima Daiichi, kituo cha nyuklia cha Japani, tarehe 11 Machi 2011 ilikuwa na jenereta za dharura 13, kwa hesabu ya kawaida ni ngumu zote kugoma, ila nyingi zilikuwa chini kwenye vyumba vya chini na maji ya tsunami yalizikuta huko pamoja na swichi zake, ikabaki moja inayofanya kazi, ya kupozwa kwa hewa iliyokuwa imewekwa juu kwa upande wa mtambo namba 6. Kwa hiyo tanki la pamoja, chumba cha pamoja, fundi mmoja anayefunga filta zote siku moja, hivyo vyote viandike kama vipuri kabisa kwenye jedwali lako, na mara nyingi utakuta ndo vinaongoza.

La tatu, vipimo hivi vyote vinne vinachukulia kitu kimoja kikifa vingine vinabaki na nguvu zao zile zile. Kwenye gridi sio hivyo. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alipanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru huko Kenya akaangukia transfoma, transfoma ikajizima, mashine nyingine zikazidiwa mzigo nazo zikajizima, zaidi ya megawati 180 zikapotea na nchi nzima ikaingia giza. Transfoma moja kwenye jedwali la kawaida ingeonekana ina wenzake wa kuisaidia, kumbe wenzake ndo walikuwa wanaanguka kwa sababu yake. Kama mfumo wako una vitu vinavyobebana mzigo, pampu tatu sambamba kwa mfano, lazima uwezekano wa kufa wa pampu ya pili uupandishe pale ambapo ya kwanza imekufa.

Namba unatoa wapi

Hapa wengi wanakata tamaa na sio lazima. Weka daftari kwenye chumba cha jenereta, kila wiki iwashwe mara moja kwa kuzimiwa gridi kwenye chenjova, sio kwa kubonyeza kitufe, maana kitufe hakipimi chenjova, andika imewaka au imegoma na kilichogomesha. Mwaka mmoja una majaribio 52. Betri ikigoma mara 3, una 3 kwa 52, kama 0.06. Ikiwa haijagoma hata mara moja usiandike sifuri, kuna kanuni inayotumika sana: chukua 3 ugawe kwa idadi ya majaribio, hiyo ndo dari, yani bado inaweza ikafika 0.06 na hujajua.

Halafu jaza jedwali mara mbili, na namba ya chini na namba ya juu ya kila kitu unachokitilia shaka, uone kama nafasi zinahama. Kwa mfumo wetu wa mwanzo wenye jenereta moja, chenjova ikiwa 0.001 ni ya mwisho. Ukikuta kwako iko karibu na 0.005, jumla inapanda hadi 0.012, na Fussell-Vesely ya chenjova na ya betri zinakuwa sawa, kama asilimia 42 kila moja, na hapo swichi ya mkono ya kuizunguka inaingia kwenye bajeti ile ile ya betri na chaja.